Jinsi ya Kuusoma Udongo wa Nyumba ya Kapteni

Wengi wanaoingia Fort Jesus, au Ngomeni, ngome ya Wareno kule Mombasa, wenyeji kwa wageni, hupiga picha kwenye mizinga, hupunga upepo wa bahari, kisha huipita Nyumba ya Kapteni bila kusimama. Wanachokiona ni mabaki ya kuta, sakafu isiyo na paa, na maelezo kwamba hapa ndipo alipokaa mkuu wa Wareno. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona hapa hakuna kitu?", baba humshika mkono wakaenda kwenye makabati ya vioo, kwenye sahani na mitungi.

Mimi naamini hapo panapodhaniwa hapana kitu ndipo penye mengi ya kueleza kuliko pote Ngomeni. Ila hayasomeki mpaka ujue kwamba sehemu kubwa ya unachokitazama ilikuwa imefukiwa, ikaja kufukuliwa. Kuna watu walikaa pale na miko ya waashi na brashi, wakautoa udongo kidogo kidogo, huku wakiamua huu ni wa zama hizi na ule ni wa zama zile. Ukijua waliamua vipi, utajua pia pa kuwaamini na pa kuwauliza zaidi.

Tuanze na hilo jina la Kapteni, maana limemtaja mwenyeji mmoja tu. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa msanifu wao mkuu upande wa Mashariki. Waliishika, kwa kupokonywa na kuirudia, mpaka Desemba 1698, Waomani walipoingia baada ya kuizingira kwa miezi 33. Wareno wakarudi mwaka 1728, na 1729 wakatolewa kwa mara ya mwisho. Baada yao wakaja magavana wa Kimazrui, ambao baadaye waliikataa Oman na kuutawala mji kwa jina lao, hadi Seyyid Said, sultani wa Oman wa ukoo wa Busaidi, alipoitwaa ngome mwaka 1837. Waingereza waliifanya jela mwaka 1895, na jela ikabaki hapo hadi 1958.

Sasa piga hesabu. Wareno walikaa miaka kama 105. Waomani, Wamazrui na Wabusaidi, ukiwajumlisha, karibu miaka 200. Waingereza 63. Nyumba inaitwa ya Kapteni wa Kireno, lakini muda ambao kiwanja chake kilikuwa mikononi mwa Wareno ni mfupi kuliko ule kilipokuwa mikononi mwa waliowafuata. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Hii ni nyumba ya mkoloni gani?", jibu la haki ni kumwuliza naye anasimama kwenye sakafu ya ngapi.

Nyumba za pwani hazibomolewi zikazolewa zote. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukianguka, fundi husawazisha kifusi, humwaga udongo juu yake, hupiga sakafu mpya ya chokaa, maisha yakaendelea. Kiwanja kinapanda. Miaka mia tatu ya namna hiyo hukuachia sakafu juu ya sakafu, na katikati yake majivu, vigae, mifupa ya samaki, shanga iliyokatika uzi. Wanaakiolojia huziita tabaka. Kanuni yao ya kwanza ni ile ya matandiko ya kitanda: la juu ndilo lililotandikwa mwisho.

Ukifika mahali panapofukuliwa, pwani yoyote, usikimbilie kuangalia vitu vilivyotolewa. Angalia kwanza ubavu wa shimo. Utaona umekatwa wima, umenyooka, na kwa kawaida umebandikwa vikaratasi vyenye namba. Juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi, plastiki na vifuniko vya soda. Chini yake huenda ukaona mawe yaliyochanganyika na vumbi jeupe: hapo dari au ukuta ulianguka. Kisha mstari mweupe mgumu, sakafu ya chokaa. Chini ya sakafu, udongo mwekundu ulioletwa kwa kujaza. Halafu mstari mwembamba wa makaa. Mwisho mwamba wa matumbawe, ule ule ambao ngome imekalia. Ubavu huo ndio ushahidi wenyewe. Sahani iliyo kabatini ni nzuri, lakini bila kujua ilitoka mstari upi, haikwambii zaidi ya kwamba kulikuwa na sahani.

Kungekuwa na tabaka peke yake, kazi ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba watu huchimba. Anayejenga ukuta hukata mtaro wa msingi, na mtaro huo huyapasua matabaka ya zamani mpaka chini. Anayechimba choo hufanya hivyo hivyo. Kaa na panya nao hawaachi, na mizizi hupenya popote. Ndiyo maana utamwona mchimbaji amepiga magoti saa nzima mbele ya doa la udongo lililokoza rangi kidogo tu kuliko jirani yake. Anatafuta ukingo wa mtaro. Akiukosa, kigae cha enzi ya jela kinahesabiwa kuwa cha enzi ya Wareno, na historia nzima ya chumba hicho inapinda.

Na hapa ndipo Ngomeni ni pagumu kuliko magofu kama ya Gede au Jumba la Mtwana. Gede ilihamwa, msitu ukaifunika, matabaka yake yakapumzika. Fort Jesus haikuwahi kupumzika kwa muda mrefu. Ilipigwa mizinga, ikakarabatiwa, ikageuzwa matumizi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ndani akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuiteka ngome. Mwaka uliofuata aliihama akaenda zake baharini. Wareno waliporudi walijenga upya sehemu nyingi, na maandishi ya mwaka 1639 yaliyo juu ya lango yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kazi hiyo. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kumtoa Al-Akida, aliyemwasi Sultani wa Zanzibar. Baada ya hapo ndipo jela ikaja na vyumba vyake. Kila ukarabati ni mitaro mipya.

Watu huuliza: basi wanajuaje miaka? Wengi wamesikia kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa makaa au mfupa kwa kaboni ya mnururisho iliyobaki ndani yake, wakadhani ukipeleka makaa maabara unarudishiwa tarehe. Kwa mambo ya miaka 1,000 iliyopita kipimo hicho kinafaa sana. Kwa nyumba ya aina hii kinasaidia kidogo, kwa sababu ya kimaumbile. Kiasi cha kaboni ya mnururisho angani hakikuwa thabiti, na tangu katikati ya karne ya 17 kilipanda na kushuka kiasi kwamba kuni iliyokatwa miaka ya 1690 na iliyokatwa mwanzoni mwa karne ya 19 zinaweza kutoa jibu moja. Makaa hayo hayawezi kukutofautishia Mreno na Mmazrui.

Kwa hiyo wanarudi kwenye vitu vya dukani na jikoni. Kaure ya Kichina, ile nyeupe yenye maua ya buluu, ilibadilika mtindo mara kwa mara, na wataalamu wanajua michoro ipi ni ya mwisho wa karne ya 16 na ipi ni ya baadaye. Bakuli za rangi kutoka Maastricht, Uholanzi, zilienea pwani yetu katika karne ya 19. Ukizikuta, Wareno walishaondoka zamani. Vigae vya paa vya Mangalore vilianza kutoka kwenye kiwanda cha wamisionari wa Basel mwaka 1865, hivyo tabaka lenye kipande chake haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Chupa ambayo mshono wake unapanda hadi mdomoni ilitengenezwa kwa mashine, jambo la karne ya 20. Hata ukuta wenyewe unasema: saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, basi mahali palipozibwa kwa saruji badala ya chokaa, fundi wake ni wa karibuni.

Angalia namna ninavyosema "haiwezi kuwa kabla ya". Hapo wageni wengi huteleza, na hata waandishi wa magazeti. Kitu kilichopatikana katika tabaka kinakupa mwaka wa mapema kabisa ambao tabaka hilo lingeweza kuwekwa. Hakikupi mwaka wa mwisho. Sarafu ya 1650 inaweza kudondoka mwaka 1750. Na sisi watu wa pwani tuna desturi inayowapa wanaakiolojia kazi ya ziada: kaure nzuri haikuwa ya kulia wali tu. Ilipangwa kwenye zidaka ukutani, ikarithiwa na mabinti, ikapachikwa makaburini na kwenye vibla vya misikiti. Sahani iliyotoka China enzi ya bibi inaweza kuvunjikia mikononi mwa kitukuu. Ndiyo maana kipande kimoja hakitoshi. Wanahesabu mamia, na kile kilicho kipya kuliko vyote katika tabaka ndicho chenye sauti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko tarehe.

Katika machimbo ya pwani, vigae vinavyotoka kwa wingi kuliko vyote si vya kaure. Ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa huku huku, vyeusi kwa masizi. Makabati hayavipendi kwa sababu havina urembo wa kumvuta mtalii, lakini ndivyo vinavyotuambia nani alikuwa akiishi na kufanya kazi ndani ya kuta hizo. Kapteni alikuwa mmoja. Waliompikia, waliomchotea maji, waliobeba mawe, waliouguza wagonjwa wake, walikuwa wengi, wengi wao Waafrika, na si haba waliokuwa watumwa. Barua za Wareno zinazungumza sana juu ya kapteni, kasisi na mizinga. Juu ya mpishi zinanyamaza. Chungu chenye masizi hakinyamazi: kinaonyesha ukubwa wa mlo, namna ya kupika na, kwa maabara za siku hizi, mafuta yaliyonywewa na udongo wake yanaweza kupimwa.

Mifupa nayo ina habari zake. Mreno Mkristo alikula nguruwe, Mwislamu hakumla. Kwa hiyo mtu angetarajia mifupa ya nguruwe ikome baada ya 1698, na hicho ni kipimo kizuri cha kutenganisha matabaka. Lakini ngiri na nguruwe mwitu ni wanyama wa bara yetu pia, kwa hiyo mtaalamu wa mifupa lazima amtambue mnyama kwanza kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumza juu ya dini ya aliyekula.

Kisa cha mzingiro wa 1696 hadi 1698 kinaonyesha vizuri kwamba waliokaa ndani ya kuta hizo hawakuwa Wareno tu. Mashuleni tulikisoma kama vita vya Wareno na Waarabu. Ndani ya ngome, hata hivyo, Waswahili na Waafrika wengine waliokimbilia humo walikuwa wengi kuliko Wareno. Maradhi yalipowamaliza viongozi wa Kireno mwaka 1697, ulinzi uliendeshwa kwa muda na Bwana Daud, mtu wa Faza, pamoja na watu wake. Ukiwa Nyumba ya Kapteni, kumbuka kwamba kwa kipindi fulani aliyebeba jukumu la kapteni alikuwa Mswahili wa kisiwa cha Pate. Hakuna kibao kitakachokuonyesha hilo. Tabaka la mwaka ule lilikuwa na nafasi ya kulionyesha.

Nasema lilikuwa na nafasi, kwa sababu ufukuaji una upande wa huzuni. Tabaka huondolewa mara moja tu. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyekuwa amefukua Gede kabla, alianza kazi Ngomeni mwaka 1958 jela ilipoondoka. Fedha, pauni 30,000, zilitoka kwa wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Lisbon. Alifanya kazi kubwa kwa zaidi ya mwongo mmoja, akaacha ripoti ambayo hadi leo kila anayeandika juu ya ngome huirudia, na bila yeye pengine tungebaki na vyumba vya jela. Huku nikimshukuru, naona pia kwamba maswali ya wakati ule yalielekea kwenye majengo na watawala: ukuta huu ni wa nani, lango lilihamishwa lini. Machimbo mengi ya miaka ya 1950 hayakuchekecha udongo wote kwa wavu mwembamba. Desturi ya kuosha udongo kwenye maji ili mbegu zilizoungua zielee ilikuwa bado haijaenea. Punje ya mtama au mpunga, ambayo ingetuambia mtumishi alikula nini na bwana alikula nini, huenda ilitupwa pamoja na kifusi.

Ndiyo sababu wachimbaji wa leo huacha sehemu bila kuigusa makusudi. Mgeni huona uzembe: "Mbona mmeacha nusu?" Wameiacha kwa ajili ya watu watakaokuja na vipimo ambavyo sasa havipo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko, ukaonyesha kwamba mababu wengi wa miji ya Waswahili walichanganya damu ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na ya Kiajemi upande wa akina baba, tangu kama mwaka 1000. Kirkman asingeweza hata kuliwaza swali hilo kwa namna hiyo. Mifupa iliyobaki ardhini ndiyo iliyoweza kulijibu.

Na huwakera wengi wakiona shimo likifukiwa kazi ikiisha. Nimesikia watu wazima wakisema kuna kinachofichwa, dhahabu labda. Sababu ni chumvi na mvua. Chokaa na matumbawe yaliyokaa gizani miaka 300 yakianikwa juani kando ya bahari huanza kuliwa: maji ya chumvi huingia kwenye vitundu vya jiwe, hukauka, chumvi huganda na kulipasua jiwe kutoka ndani. Sakafu iliyofukiwa kwa mchanga safi itadumu. Iliyoachwa wazi bila paa itakuwa unga. Kuta za Nyumba ya Kapteni unazoziona wazi zinahitaji kupigwa chokaa na kuzibwa nyufa mara kwa mara, na huo ni mzigo wa kudumu kwa Makavazi ya Kitaifa.

Ukibahatika kukuta shimo liko wazi, Ngomeni au Mji wa Kale, yako mambo machache ya adabu. Usikanyage ukingoni, ukimeguka, udongo wa juu unaangukia wa chini na ushahidi umechafuka. Usiokote kigae ukampa mchimbaji kwa nia njema, maana ukishakiinua kimepoteza mahali pake, na mahali ndipo palipokuwa habari. Muite aje akione kilipo. Hilo linahusu pia vipande vinavyofichuliwa na maji ya kupwa chini ya ngome. Kisha uliza, kwa sababu wengi wao wanapenda kuulizwa: "Hii sakafu iko juu ya nini? Mlijuaje ukuta huu ulikuja baada ya ule? Na wapi hamjagusa?" Ukiuliza hayo matatu utapewa maelezo ambayo hayako kwenye kibao chochote. Mzee wa mtaa aliyekuja na wajukuu aulize pia, tena yeye ana la kuwapa: anajua chungu kile kikiitwaje jikoni kwao na kilipikiwa nini.

Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ndani ya kuta zake hakuna atakayechimba ovyo. Hofu yangu iko nje. Mombasa ni kongwe kuliko ngome yake: mwaka 1976 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alifukua kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, akakuta mabaki ya makazi yanayorudi nyuma kama miaka 1,000. Hakuna ngome iliyoyalinda. Yalikuwa chini ya miguu ya wagonjwa na wauguzi. Kuanzia hapo hadi mitaa ya Ndia Kuu na Kibokoni, na Nyumba ya Leven kando ya bandari ya zamani, iliyobeba jina la meli aliyokuja nayo Kapteni Owen wa Uingereza mwaka 1824, ardhi hii imejaa sakafu za watu. Kila shimo la choo kipya, kila nguzo ya ghorofa, kila mtaro wa bomba unakata matabaka yale yale ninayoyaeleza, kwa sururu, katika siku moja, na kifusi kinapakiwa kwenye lori.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka anayefukua mambo ya kale awe na kibali, na anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Wenye nyumba wengi wanaogopa kwamba wakisema watanyang'anywa kiwanja, basi wanawaambia mafundi wafukie haraka. Kwa atakayekuta vigae vingi, kisima kilichozibwa au sakafu ya chokaa chini ya msingi wake, la kufanya ni dogo: asimamishe sururu mahali hapo tu, apige picha na kitu cha kupimia kando yake, asitoe chochote, kisha atume mtu ofisi za makavazi zilizomo Ngomeni. Kazi ya upande wa pili wa kiwanja inaweza kuendelea huku akiwasubiri.